Kura ya Mzee wa Baraza

Kila nikimkumbuka Mzee wa Baraza uso wangu unapata moto, na si moto wa jiko. Ni aibu. Kosa alifanya yeye, lakini aibu nimebaki nayo mimi, kwa sababu ni mimi niliyempa kiti. Kwa miaka mingi kiti chake kilikuwa hotelini kwangu, karibu na mlango, na maneno yake yote kuhusu haki na mahakimu na nyimbo aliyasema akiwa ameshika kikombe changu. Wateja walikuwa wakiacha chai ipoe kwa ajili ya kumsikiliza. Halafu mtu huyo huyo akamfunga mwenzake jela kwa sababu ya wimbo. Nasema mapema, usije ukampenda kwanza halafu ukanilaumu.

Senta yetu siitaji. Ni huko huko Bariadi, ukitoka Kasoli hufiki mbali, na watoto wa mzee huyo bado wako. Mimi kwetu ni Tabora. Nilifika pale na mume wangu, yeye akafungua duka la vitambaa, mimi nikafungua hoteli, ingawa hoteli ni jina kubwa kwa meza chache na birika moja lenye kibonyeo. Mbele yangu, ukivuka barabara tu, ilikuwapo mahakama ya mwanzo. Kisukuma changu siku zile kilikuwa cha kusalimia na kutaja bei, zaidi ya hapo nilikuwa nacheka tu wakicheka.

Kwa asiyejua, mahakama ya mwanzo hakimu haketi peke yake. Huketi na wazee wawili wa baraza, raia wa palepale, na wazee hao si mapambo. Kila mmoja ana kura sawa na ya hakimu. Wawili wakisema hivi na hakimu akasema vile, hakimu ameshindwa, na lazima aandike walivyosema wao. Mzee wetu alilipenda jambo hilo kuliko ng'ombe wake.

"Serikali imempa hakimu meza," alikuwa akisema. "Imempa na feni, ingawa umeme hakuna. Lakini kura imempa moja. Na mimi moja. Mayu, ongeza chai."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, wakati mimi nilikuwa binti mbichi na yeye mvi zimeshaanza. Nilijisikia mtu mzima.

Siku za kesi alivaa koti jeusi, hata kama ni ile Oktoba ya kwetu inayokausha mpaka mate. Alikuja kwangu kwanza akanawa miguu kwenye pipa la nyuma, akajifuta na kitambaa chake, akavaa viatu, ndipo akavuka barabara. Niliwahi kumuuliza kwa nini miguu na si mikono. Akasema mikono ya mzee wa baraza haifanyi kazi yoyote pale ndani, bali miguu ndiyo iliyotoka kwenye mavi ya ng'ombe asubuhi, na mahakama inanusa.

Alikuwa na redio, na redio ilikuwa na nguo. Mkewe aliishonea kanzu ya kitambaa cha maua, imetobolewa mahali pa vifundo. Aliiweka mezani kwangu na haikuguswa na mtu. Na alikuwa hasikilizi tu, alikuwa anahukumu! Ulipopigwa mchezo wa redio, mume analalamika mkewe ni mkaidi, mzee alikuwa akipiga meza: "Yule mwanamke hajasikilizwa! Tumesikia upande mmoja tu, mnawezaje kucheka?" Wiki nzima alikuwa anasubiri mwanamke apewe nafasi ya kujieleza, na asipopewa alikasirika kama vile kesi imeharibiwa mbele yake.

Nyimbo za dansi alizidharau. "Mwanaume mzima ameachwa, badala ya kwenda kwa wakwe zake kuuliza kosa, anakwenda redioni kulia, na magitaa yanamsindikiza! Nchi nzima inajua. Sasa huyo mke atarudi kwa uso gani?" Lakini nilimfuma mara kadhaa, hoteli tupu, anaufuatisha wimbo ule ule taratibu, macho ameyafumba, kidole kinagonga kikombe. Nilipokohoa alijifanya anaimba wa kanisani.

Mahakimu wetu hawakukaa muda mrefu. Mzee alikuwa na maneno yake kuhusu hilo pia, kwamba hakimu akishajua kusalimia watu mwangaluka asubuhi bila kung'ata ulimi, basi ujue barua ya uhamisho iko njiani. Kila hakimu mpya alimpima kwa redio. Anayependa dansi, alisema, atakuwa mpole kwenye kesi za ndoa na mkali kwenye kesi za wizi. Anayesikiliza taarifa ya habari akiwa amekaa, huyo ana usingizi wake. "Lakini huyu wa sasa, mayu, umemtazama? Anasikiliza taarifa ya habari amesimama. Huyu anaogopa. Huyu hawezi kumwachia mtu peke yake, itabidi tumshike mkono." Nilicheka sana. Hakimu huyo ndiye aliyekuwepo siku ya aibu yenyewe, na kwa kweli alikuwa anaogopa.

Wema wa mzee nao niuseme, maana ndio unaouma. Kuna kijana alitoka Mwanza kuwaona wazazi wake, amevaa suruali ya kubana. Vijana wa Chama wakamkamata stendi, eti anavunja utamaduni, wakampeleka mahakamani. Siku hizo mambo hayo yalikuwa makubwa. Mzee akaomba kijana ageuke, akaitazama ile suruali mbele na nyuma, mahakama nzima inasubiri. Akasema, "Mheshimiwa hakimu, mimi naona fundi alikuwa na kitambaa kidogo. Kama kuna kosa ni la fundi, na fundi yuko Mwanza." Kijana akaachiwa. Alipotoka nje alikuja kumshukuru, mzee akamwambia, "Usinishukuru. Imekukaa vibaya. Kaivue."

Siku nyingine mtu mwenye kesi ya shamba alimtumia jogoo nyumbani. Mzee alifika naye mahakamani amemfunga miguu, akamweka juu ya meza ya hakimu, akauliza, "Huyu ni shahidi wa upande gani? Maana amekuja kwangu kabla ya kesi." Mwenye jogoo aliomba dunia ipasuke. Na ikiwa mshitakiwa ni ndugu yake, hata wa mbali, hata shemeji wa binamu, mzee alisimama mwenyewe kabla ya kuulizwa. "Nimekula kwao," alisema, akatoka, akaja kukaa kwangu mpaka kesi iishe. Ndiyo maana watu walimwamini. Mimi nilimwamini. Nilimpenda, basi, niseme.

Sasa nifike kwenye ngoma, maana bila ngoma huyu mzee humwelewi.

Kwa Wasukuma kuna pande mbili za ngoma tangu zamani, Wagalu na Wagika. Mtu huingia upande mmoja ujanani, akafundishwa, akapewa dawa zao, na huo ndio upande wake mpaka afe. Pamba ikishauzwa pande hizi zinakutana uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile. Wagalu huku, Wagika kule, kila upande na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi. Hakuna refa. Watazamaji wako huru katikati, na upande unaovuta watu wengi ndio umeshinda. Mimi wa Tabora niliona ni mchezo tu, tena mchezo mzuri wa kuuzia maandazi. Mzee aliona ndiyo mahakama yenyewe.

"Pale hakuna hakimu wa kuhamishwa," aliniambia. "Huwezi kumtisha mtu, huwezi kumpa jogoo. Watu wanahukumu kwa miguu. Ukiwachosha wanakuacha, na umeona mwenyewe, kweupe. Natamani mahakama ya serikali ingekuwa hivi."

Yeye alikuwa Mgalu. Ujanani alicheza, uzeeni akawa mmoja wa wakubwa wao, wanaokaa kikaoni kabla ya msimu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kuhamishwa. Watu wa vitongoji waliambiwa wabomoe, waje wajipange kwenye kijiji kipya, barabarani. Waliobeba mapaa ya nyumba zao kichwani wanajua, sina haja ya kuwasimulia. Katibu wa Chama wa kata yetu alisimamia kwa ukali mno, na baiskeli yake mpya, kutwa anazunguka. Lakini mama yake mzazi alikuwa anakaa nje kidogo ya senta, na yeye hakuhamishwa. Nyumba yake ilibaki palepale na mihogo yake. Watu walipita mlangoni kwake na mizigo, na bibi wa watu, asiye na kosa, anawasalimia.

Manju wa Wagika akalitia kwenye wimbo. Alikuwa mtu mfupi, mkulima wa pamba, mpole kabisa ukimkuta dukani, lakini akifungua kinywa sauti ilitoka tumboni. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

Mama wa Katibu, hujambo na jua hili?
Sisi tumebeba nyumba, wewe umebeba kinu.
Likizo yako, mama, kasaini nani?
Tuonyeshe nasi mlango wa ofisi yake.

Nilikuwepo na beseni langu la maandazi. Wagalu walikuwa wanacheza vizuri siku hiyo, wamevuta watu wengi, na mzee wetu alikuwa mbele kabisa na koti lake. Wimbo ulipoanza upande wa pili watu waligeuza shingo. Ulipofika kwenye likizo, walianza kuondoka. Vijana kwanza, kisha wanawake, kisha kila mtu, wanakimbia kama mvua imewakuta. Na mimi kwa macho yangu nikamwona Mzee wa Baraza, Mgalu wa kutupwa, anavuka uwanja katikati, anacheka, anajipiga mapaja, machozi yanamtoka. Hakuna asiyemwona. Wagalu walibaki na ngoma zao na mbwa wawili watatu.

Kesho yake alikuja hotelini bado anacheka. "Kasaini nani!" anasema. "Mayu, yule mtu ni hakimu. Yule apewe meza na feni." Baada ya hapo sikumwona siku kadhaa. Alipokuja tena hakuwa na redio, na hakusema mengi. Nilidhani ni homa, nikamtengenezea chai ya tangawizi.

Katibu hakucheka. Manju alikamatwa, akashitakiwa kwa kutumia lugha ya matusi mbele ya watu, yenye kuweza kuvunja amani. Ungesema amechoma ghala la pamba.

Hakimu ndiye aliyepanga namna ya kumwokoa, na alipanga hotelini kwangu, kwenye meza ya nyuma ya pazia, na mimi ndiye niliyepeleka chai. Walikuwa yeye, mzee wetu, na yule mzee wa pili wa baraza, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Wazee wangu," hakimu alisema, "kijana huyu hana kosa. Lakini mimi nikimwachia, kesho nitaitwa Chamani, keshokutwa niko juu ya lori na godoro langu. Nina watoto wadogo. Ninyi hakuna wa kuwahamisha. Basi tufanye hivi. Mimi nitasema ana hatia, tena kwa sauti, Katibu asikie. Ninyi semeni hana. Wawili mnanishinda, sheria imekaa hivyo. Mtu anakwenda kwake, na mimi nitaonekana nimejitahidi."

Mzee wa kanisa alitikisa kichwa kwa muda. "Si kazi safi," alisema, "lakini mtu atakwenda kulala na watoto wake. Mimi nakubali."

Mzee wetu alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Sawa," akasema. Nilingoja aongeze neno, maana hakuwahi kuishia kwenye sawa. Hakuongeza.

Senta haina siri. Asubuhi ya hukumu kila mtu alijua manju anaachiwa. Mkewe alifika mapema na suruali safi ya mumewe imekunjwa ndani ya kanga, akaniomba nimwekee maandazi ya watoto, atayapitia wakirudi nyumbani wote. Nikamwekea yenye iliki.

Nilifunga hoteli nikaenda kusimama dirishani pa mahakama. Hakimu aliuliza yale ya kawaida, kama kuna mzee mwenye undugu na mshitakiwa. Wote wawili wakasema hakuna, na ni kweli hakuna. Ikabidi ushahidi utolewe, na ushahidi ni wimbo. Katibu akakataa kuuimba, akausoma tu kama tangazo la mnada, watu wakacheka. Mgambo mmoja, shahidi wa pili, yeye aliuimba, na alikuwa na sauti! Mpaka dirishani tulianza kuitikia. Hakimu akagonga meza. Manju mwenyewe alikuwa anauma midomo asicheke. Nilifikiri moyoni, jamani, kesi hii itakumbukwa.

Kwa kawaida wazee ndio huanza kutoa maoni. Siku hiyo hakimu alianza yeye, kama walivyopanga. Alisimama kidogo, akakaza sauti: "Mimi naona mshitakiwa ana hatia." Katibu akaegemea kiti.

Mzee wa kanisa akasema, "Hana hatia. Hakutukana mtu. Amemsalimia mama wa watu."

Zamu ya mzee wetu. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Ana hatia," akasema.

Hakimu hakuandika. "Mzee," akamwambia taratibu, "sikukusikia vizuri. Hebu rudia." Alikuwa anampa njia, kila mtu aliona anampa njia.

"Umenisikia. Ana hatia."

Hata Katibu aligeuka kumtazama. Manju alibaki na lile tabasamu lake usoni kwa muda, hajui aliweke wapi, kisha likaondoka. Miezi sita. Nje, mkewe aliyekuwa amekaa kivulini alikuwa hajasikia, alikuwa anacheka na mtoto. Nilikwenda mimi kumwambia. Sitaandika jinsi alivyonitazama.

Aibu iliyotushika siku ile sijaiona tena. Hapakuwa na kelele. Watu walitoka mahakamani kila mtu anatazama chini, hakuna aliyetaka kukutana na macho ya mwenzake, kama vile tumekamatwa wote. Hakimu aliumwa kweli, akalala. Mzee wa kanisa aliacha baraza mwezi huo huo, akisema macho yake hayaoni vizuri. Mzee wetu yeye alivuka barabara, akaja akakaa kwenye kiti chake, na watu waliokuwa mezani wakainuka mmoja mmoja. Nilimpa chai kwa sababu ni kazi yangu.

Msimu uliofuata ngoma ilikufa. Wagika walikataa kutoka bila manju wao, ambaye alishatoka jela lakini hakutaka kuimba. Wagalu wakacheza peke yao, na ngoma ya upande mmoja ni kitu cha kusikitisha. Watu walisimama kidogo, wakatazama upande mtupu, wakaenda zao kupima pamba. Manju alipotoka jela alirudi shambani kwake. Waliomwomba aimbe aliwaambia sauti ipo nyumbani, imelala, tusiiamshe. Haikuamka. Miaka ya baadaye watoto ndio waliouimba ule wimbo wa Katibu, na Katibu alishahamishwa, na mama yake alishakufa, na wao wala hawakujua likizo ni kitu gani.

Lakini watu hawawezi kukaa na hasira daima, na tulimpenda yule mzee. Tukaanza kumtafutia sababu. Mmoja akasema Katibu alimfuata nyumbani usiku wa kuamkia hukumu akamwambia atachukuliwa ng'ombe. Mwingine akasema waliletwa askari. Mwingine akaapa mtoto wake wa sekondari ndiye aliyetishiwa kufukuzwa shule. Hakuna aliyeona lolote kati ya hayo, ila yalikuwa na mantiki, maana tulimwona sote siku ile akivuka uwanja kwa furaha. Mtu aliyeucheka wimbo vile angewezaje kumfunga mwenye wimbo, kama hakutishwa? Nani asingeogopa miaka ile? Pole pole viti vilijaa tena kwenye meza yake. Walimwambia, "Mzee, tunajua. Yameisha." Na yeye aliinamisha kichwa. Mimi pia nilimwambia. Nilikuwa namwonea huruma, nikamrudishia tangawizi yake.

Ikapita miaka. Nilimwona mara ya mwisho, kumwona kwa maana ya kuongea, ile miaka sukari ilikuwa haipatikani na sabuni ni kwa foleni. Mchana, hoteli tupu, nimechemsha chai kwa sukari guru. Alishatoka kwenye baraza siku nyingi. Aliingia kwa fimbo, akakaa, akapumua kwanza.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Yule mtu alikuja kwangu juzi," akasema. "Manju. Alisikia naumwa. Ameniletea michembe ya viazi, kikapu kizima. Akakaa chini, akanishika mkono. Akaniambia, mzee, usife na kitu moyoni, mimi najua walikutisha. Nimekusamehe tangu nikiwa mle ndani."

Machozi yalinilenga. Nikasema, "Mungu mkubwa. Umeona? Si tulikuambia yameisha? Nani asingeogopa, baba?"

Akaweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagika mezani.

"Acheni kunipa uoga ambao sikuwa nao! Hakuna aliyenitisha. Katibu hakufika kwangu. Alitegemea hakimu, hata hakujua mimi nina kura. Hakuna askari, hakuna ng'ombe, hakuna shule."

Nilibaki na kitambaa cha kufutia mkononi.

"Nakwambia wewe kwa sababu wewe huna ngoma," akasema. "Mwingine hapa siwezi kumwambia. Ule wimbo ulinishika, mayu. Nilijikuta nimeshavuka. Mkubwa wa Wagalu, mbele ya Wagalu wote, nakimbilia kwa Wagika kama mtoto anayefuata gari. Wenzangu waliniita kikaoni. Hawakunigombeza, bora wangenigombeza. Waliniambia nikakae na watazamaji, kwa kuwa huko ndiko nilikoona kunanifaa. Mimi! Kisha wiki ya pili yake huyo mtu ananijia mikononi, na kura yangu ndiyo ya mwisho. Nikasema, leo Wagalu watajua mimi ni wa upande gani."

"Na hakimu aliuliza undugu," nikasema.

"Aliuliza undugu. Nani angeuliza ngoma?"

"Wakakurudisha?"

Akatikisa kichwa. "Waliona haya. Manju wetu hakunisalimia mpaka amekufa."

Nikajilazimisha kufuta ile chai. Nilimfikiria yule mke na suruali imekunjwa ndani ya kanga. Nilifikiri pia, ni mzee huyu na amechoka, pengine amekuja kwangu ili nimsaidie kufanya jambo moja la haki kabla hajafa. Nikamwambia, "Baba, sasa mwambie yeye. Amekaa karibu, nitakutafutia mtu wa kukupeleka kwa baiskeli. Mwambie ulivyoniambia mimi. Mtu yule aliacha kuimba akidhani aliwaudhi wakubwa. Mwambie wimbo wake ulikuwa mzuri, basi, ndilo lililokuwa kosa lake."

Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo barabarani.

"Nimwambie Mgika?" akasema. "Nikamwambie wimbo wake ulinishinda mpaka nikapoteza akili? Aende akawaambie Wagika wenzake? Hapana, mayu. Furaha hiyo sitampa."

Alisema bila kutania. Mtu alikaa jela, sauti ikamfia, ameleta michembe, amemshika mkono, na huyu mzee bado alikuwa uwanjani analinda upande wake. Niliona aibu kwa kila mtu aliyewahi kuacha chai yake ipoe kwa ajili ya kumsikiliza.

Nikachukua birika, nikaenda nalo jikoni, nikasimama huko nimeupa mlango mgongo. Nilisikia kiti kikisogea, fimbo ikigonga sakafu, kisha sauti yake ya heshima, ile ile ya siku zote:

"Wabeja, mayu."

Ahsante, mama. Sikugeuka mpaka akaondoka.